Mvua ya Saa Kumi na Moja na Nusu

Ujumbe uliingia simuni siku ya Jumanne, Mwanamkasi akiwa ameinama shambani anang'oa mabua. Hakuwa anavuna. Mwaka ule Kiwangwa hapakuwa na cha kuvuna. Alikuwa anaondoa mahindi yaliyokaukia wimawima, ayarundike kando, apate nafasi ya kuchomeka mihogo. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaitoa simu kiunoni, akasoma polepole, maana hata macho yake yalikuwa yamechoka.

"Ndugu mkulima, msimu wa bima umefungwa. Mvua iliyopimwa na kituo chako ni milimita 271. Fidia hulipwa mvua ikiwa chini ya milimita 250. Hustahili fidia msimu huu. Tahadhari kabla ya hatari."

Akarudia kusoma. Kisha akayatazama mabua.

"Mia mbili sabini na moja," akasema peke yake. "Zilinyesha wapi? Kwa nani?"

Masika ya mwaka ule yalianza kwa mbwembwe yakaishia kwa aibu. Wiki mbili za mwanzo ilinyesha mvua ya kumtoa mtu machozi ya furaha, watu wakapanda, mahindi yakafika magotini. Halafu mbingu zikafunga. Aprili jua, Mei jua. Hata mananasi, mmea mvumilivu kuliko watu wanaoupanda, yalidumaa yakabaki kama ngumi za watoto. Watu wa msikitini walitoka uwanjani wakaswali sala ya kuomba mvua, wa kanisani wakasali siku tisa mfululizo. Mvua haikuwasikia wa huku wala wa kule.

Lakini watu hawakulia sana, kwa kuwa safari hii walikuwa na bima. Hapo ndipo Mwanamkasi alipoingia, na laiti asingaliingia.

Kampuni ya bima ilikuja kutoka Dar es Salaam mwaka uliotangulia. Maneno yake yalikuwa matamu na, ajabu, yalieleweka. Wakati wa kupanda unatoa ada kidogo. Mvua ikikuangusha, unalipwa cha kununulia unga na mbegu za msimu ujao. Hakuna afisa wa kuja kukagua shamba lako na kukuringia. Linalosema ni sanduku moja jeupe lililosimamishwa juu ya nguzo ya chuma, lenye mdomo mpana juu kama faneli. Kila tone linaloingia mle linahesabiwa na kupelekwa Dar kwa mtandao wa simu. Palitakiwa mahali peupe pasipo na miti, na mtu mwaminifu. Mahali peupe pakapatikana uani kwa Mwanamkasi, na mtu mwaminifu akawa yeye: mjane wa marehemu Kombo na mama wa Sabiha, mwanamke asiyejulikana kwa ugomvi wala umbea. Wakazungushia sanduku uzio wa waya unaofika kifuani, wakatia mlango na kufuli, ufunguo akakabidhiwa yeye.

Wangeishia hapo ingekuwa salama. Wakamwomba pia awaeleze wenzake. Akawaeleza. Alipita nyumba kwa nyumba na kandambili zake, akala kiapo kwa wasioamini, akarudi mara tatu kwa wabishi. Kaya sabini na tatu zikajiunga. Wilbrodi, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, aliyehamia kutoka Kagera kuja kulima mananasi, aliuza mbuzi jike mwenye mimba ili apate ada.

Na huyo Wilbrodi ndiye aliyefika wa kwanza siku ile, simu mkononi, akipita juu ya matuta bila kutazama anakanyaga nini.

"Hodi, Mama Sabiha."

"Karibu, Mwenyekiti."

"Sikai." Akamwonyesha simu. "Umepata na wewe?"

"Nimepata."

"Mimi sijasoma sana, lakini kunyeshewa nakujua. Mwaka huu mimi nimenyeshewa?"

"Hujanyeshewa."

"Basi huyu anayesema nimenyeshewa ni nani? Na sanduku lake liko kwa nani?" Alipoona uso wa mwenzake akashusha sauti. "Sikusemi wewe. Lakini wapo wanaosema. Wanasema Mama Sabiha kala nao."

Mwanamkasi akarudi kwenye mabua yake. Kuna uchovu wa jembe, unaopona kwa usingizi, na kuna uchovu wa kusemwa. Huu wa pili ulimkaa mabegani tangu siku hiyo, na kulala hakukuusaidia.

Alhamisi kampuni ilimtuma afisa wake, binti aitwaye Vicky, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Mkutano ulifanyika darasani, wazee wakijibana kwenye madawati ya watoto. Vicky aliwaamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo kwa kila mwenye mvi, na marahaba alizoitikiwa zilikuwa kavu kama mabua. Kisha akabandika ubaoni karatasi ndefu yenye vistari vingi.

"Wazazi wangu, sikuja kubishana nanyi," alisema. "Hata sisi ofisini tumeshangaa. Tazameni. Hizi hapa ni mvua za mwanzo, kubwa kubwa, zinaingia mchana, zinaingia jioni. Hizi tunazikubali wote. Halafu kuanzia mwanzo wa Aprili vinakuja hivi vidogo. Milimita tatu. Mbili na nusu. Tatu. Kila siku, mpaka mwisho wa Mei, na hadi leo alfajiri. Na vyote vinaingia wakati mmoja, saa kumi na moja na nusu alfajiri."

Wilbrodi akasimama.

"Binti yangu, mvua gani hiyo inayofika kwa saa kama mwalimu mpya?"

Watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha. Mwanamkasi naye alifungua mdomo acheke, kikamkwama. Kila siku saa hiyo yeye huwa kisimani. Tangu ukame uanze, asiyewahi foleni kabla hakujapambazuka hurudi na ndoo tupu, kwa hiyo alikuwa akiswali tu adhana ikiisha, anabeba ndoo, anaondoka. Nyumbani hubaki mtu mmoja, mwenye uradi mrefu na tasbihi ya mbegu.

"Ndiyo maana nikaja," Vicky aliendelea. "Ama sanduku ni bovu, ama kuna mkono wa mtu. Likiwa bovu, kosa ni letu. Tutatumia picha za setilaiti, nazo zinaonyesha wazi kwamba mlikaukiwa, na mtalipwa wote. Ukiwa mkono wa mtu, mkataba unasema kikundi kizima kinapoteza haki." Akasita kidogo. Alikuwa msichana mwema, na wema huwa na ulimi mrefu. Jambo ambalo mjanja angelimeza, yeye alilisema hadharani. "Ofisi imeamua tusubiri siku saba. Ikiendelea kuingia saa ileile, basi ni mashine. Ikikoma kesho, baada ya mkutano huu, tutajua kuna mtu na kwamba amesikia."

Kisha akamgeukia Mwanamkasi. "Mama, ufunguo wa uzio unao wewe?"

"Ninao."

"Umewahi kumpa mtu yeyote?"

"Sijawahi."

"Kufuli limewahi kuguswa?"

"Halijaguswa."

Yote yalikuwa kweli tupu. Akatia sahihi mahali alipoonyeshwa.

Njiani hakumsubiri mtu. Alimkuta mama mkwe wake, Bi Adija, amekaa jamvini kibarazani akichagua choroko, akizisogeza karibu na macho moja moja. Tangu Kombo afariki, miaka sita sasa, waliishi wawili hawa, na binti Sabiha anapofunga shule. Watu walimwambia Mwanamkasi arudi kwao. Hakurudi. Bi Adija naye hakumwambia akae, ila usiku wa arobaini alimpa funguo za sanduku lake la nguo, ikawa ndiyo lugha yao.

"Mama," akamwita, akachuchumaa mbele yake. "Lile sanduku la pale uani. Wewe hulifanya nini alfajiri?"

Bi Adija hakushtuka hata kidogo. "Nalinywesha."

"Kwa nini, Mama?"

"Ungeacha mtungi nje, mdomo wazi, mkavu, mwaka wa kiangazi?" Akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemfundisha mwari. "Marehemu bibi yangu kule Makurunge, mvua ikikawia, alikuwa anaweka chombo mlangoni, na kila alfajiri anakitia maji kidogo. Mbingu zikichungulia zikakuta vyombo vimekauka, zinadhani hapa hapakai watu. Sasa ninyi mmeniwekea chombo kirefu namna ile, kinaitazama mbingu usiku na mchana, kitupu. Nikasema hawa watoto wanatafuta balaa. Namaliza uradi, nachukua kata, napitisha juu ya waya, namimina kidogo, naomba."

Kata yenyewe ilikuwa inaning'inia ukutani pale pale: kifuu cha nazi na mpini mrefu, mrefu kuliko uzio wa kampuni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza. Ninyi mliosoma mnakataza." Kisha akaongeza haraka, "Na maji yako sikuyagusa. Ni yangu ya udhu. Nilijibania nikabakiza."

Mwanamkasi alikuwa amekuja na maneno tayari, makali, yamepangana mdomoni. Yakamfia palepale. Alimwona mwanamke huyu wa miaka themanini akinawa uso kwa maji ya kuhesabu matone ili abakishe ya kuwaombea watu wote wa Kiwangwa, na kila alichobakiza kikawa kinawatoa chakula mdomoni. Haba na haba hujaza kibaba. Alitaka kucheka. Alitaka kulia. Alichofanya ni kuinuka, akaenda kuwasha moto.

Alipokuwa anapuliza kuni aliipima hali yake. Akisema, kaya sabini na tatu hazilipwi. Hilo moja. La pili lilimtisha zaidi. Watu wenye njaa wakiambiwa kwamba bibi kizee, mwenye macho mekundu ya moshi, alikuwa akitoka gizani kila siku kumwagia sanduku maji huku akinong'ona, hawatasema alikosea. Wana neno lao, na likishamtoka mtu wa kwanza halirudi. Vijiji vingine watu wamechomewa nyumba kwa kidogo kuliko hicho. Na kama hatasema, basi hana la kufanya ila kulala. Mama atamimina, sanduku litahesabu, Dar watasema ni mashine.

"Kunyamaza si kusema uongo," alijiambia. Alijua anajidanganya, lakini alikuwa amechoka, na uongo ule ulikuwa na mto wa kulalia.

Ijumaa hakwenda kisimani mapema. Alilala akisikiliza. Mlango ukalia, kandambili zikaburuzwa mchangani, kimya, kisha maji yakagonga bati la sanduku kwa sauti ndogo. Jumamosi hivyo hivyo. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Kila alfajiri alikuwa anabana pumzi mpaka asikie tone, na akilisikia anamshukuru Mungu kisha anaona haya kwa kumwingiza Mungu humo. Mchana walikunywa uji mwembamba, na Wilbrodi alikuwa akipita anauliza kwa macho. Alikuwa amekonda shingo.

Jumatano, siku ya sita, mlango haukulia.

Akasubiri. Jogoo wa jirani akawika mara ya pili. Akainuka, akaenda chumbani kwa mkwewe. Bi Adija alikuwa amekaa kitandani, tasbihi mapajani, miguu haijagusa chini.

"Mama, u mzima?"

"Mzima."

"Mbona hujatoka?"

"Sitoki tena, mwanangu. Miezi miwili nabisha hodi, sifunguliwi. Asiyetaka hataki. Hata mimi nachoka."

Kwa miaka sita Mwanamkasi hakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Alichoka sana yule mwanamke na hakulisema: alipomzika mwanawe hakulisema, alipouza kitanda cha samadari hakulisema. Sasa amelisema, na kwa haki yake yote, na dirishani weupe ulikuwa unaanza kuingia.

"Mama, amka," alisikia sauti yake mwenyewe ikisema. "Leo bado. Leo na kesho tu. Nakuomba."

Bi Adija akageuka akamtazama. Uso wake mkavu ukafunguka taratibu, na furaha iliyoonekana pale ilimchoma Mwanamkasi kuliko lawama yoyote.

"Kumbe unaamini," alisema bibi. "Nilidhani wewe huamini."

Wakatoka pamoja. Bi Adija alitia maji kwenye kata, akamkabidhi Mwanamkasi. "Mimina wewe. Pengine kwangu imekataliwa, kwako itapokewa." Akainua viganja, akaanza dua kwa sauti ya chini, dua ndefu, iliyowataja wagonjwa, yatima, mifugo, hata "yule mtu wa Kagera na mbuzi wake." Mwanamkasi akaupitisha mpini juu ya waya. Kunyamaza si kusema uongo, ndiyo, lakini hapa hakuwa amenyamaza. Mkono ulioshika kata ulikuwa wake. Akamimina. Maji yakaingia, na ndani ya sanduku kikasikika kitu kikipiga tik, tik, tik, kikihesabu.

"Amina," alisema bibi.

"Amina," alisema naye.

Alhamisi walifanya tena.

Wiki iliyofuata Vicky alirudi na fundi mwenye begi la vyuma. Fundi akalifungua sanduku, akachungulia, akatoa sega dogo la nyigu kwa ncha ya bisibisi, akaliinua juu kwa fahari. Fundi aliyetumwa kutoka mbali hawezi kurudi bila kosa. "Huyu ndiye aliyewaponza," alisema, na hakuna aliyeuliza nyigu wanajuaje saa. Sanduku jipya likafungwa. Siku kumi baadaye simu zikalia Kiwangwa nzima, mbugani, dukani, kisimani, na mara hii ujumbe ulikuwa mwingine. Haikuwa fedha ya kumtajirisha mtu. Ilikuwa ya unga na mbegu, kama walivyoahidiwa, kwa mahindi yaliyokauka kweli mbele ya macho ya kila mtu. Mwanamkasi alijikumbusha hilo mara nyingi: mahindi yalikauka kweli. Wilbrodi alikuja na nanasi moja, dogo, akaliweka kibarazani, akasema, "Mama Sabiha, nilikutilia shaka siku mbili. Unisamehe." Akamwambia amemsamehe, na hakuweza kumtazama.

Bi Adija alikuwa na maelezo yake. "Umeona? Mvua haikuja, ila heri imekuja. Ulipomimina wewe tu!" Na vuli ilipokaribia, mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya upande wa bahari na kutawanyika, akaishusha kata ukutani akaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa.

Hapo Mwanamkasi akajua lazima aseme. Sanduku lilikuwa jipya, msimu ulikuwa mpya, na hakuna nyigu wa mara ya pili. Akakaa jamvini mbele yake.

"Mama, lile sanduku..."

"Ehe?"

Bibi alikuwa ameipakata kata kama mtoto. Jembe alishaliacha, kutwanga alishaacha, choroko sasa alizichagua akaacha mawe humo. Kazi iliyombakia duniani ilikuwa ile.

"Nipe mimi hiyo kata," Mwanamkasi alisema. "Kuanzia msimu huu nitamimina mimi. Wewe pumzika, uombe ukiwa ndani."

Bi Adija alimtazama, kisha akampa, kwa mikono miwili. "Usiruke hata siku moja," alimwambia. "Hata siku moja."

Ndiyo sababu mpaka leo Mwanamkasi hajui kulala. Kila alfajiri, kabla ya kisima, anatia maji kwenye kata, anatoka, anasimama kando ya uzio. Anasubiri kiasi cha mtu kuomba. Kisha anayamwaga chini polepole, mbali na sanduku, kwenye shina la muhogo alilolichomeka pale ili mchanga usionekane umelowa. Shina hilo limeyapita mengine yote. Ndani, sauti nyembamba humuuliza kupitia dirishani, kila siku, bila kukosa:

"Umeomba?"

"Nimeomba, Mama."

Alikuwa anajibu hivyo kama anavyojibu hodi. Lakini alfajiri moja ya Novemba, mvua ikiwa bado haijasema lolote, alishtuka kukuta kata imeshakuwa tupu mkononi, muhogo umeshalowa, ndoo inamsubiri, foleni imeshajaa, na yeye amesimama palepale, uso umeelekea juu, midomo inacheza.

"Umeomba?" sauti ikauliza.

Akaimalizia kwanza dua iliyokuwa mdomoni.

"Nimeomba, Mama," alisema.